Jina la Livingstone Lilitoka Wapi?

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa Kashikishi maana ya jina Livingstone, atakujibu mara moja: jiwe lililo hai. Nami nilijibu hivyo hivyo nilipokuwa katika madarasa ya chini, tena kwa fahari, kwa kuwa nilikwisha kusoma habari za jiwe hilo katika Waraka wa Petro. Kumbe jina hilo halina jiwe ndani yake.

Katika karne ya 12 palikuwa na mtu aliyeitwa Leving, aliyepata ardhi katika nchi ya Uskoti, magharibi ya Edinburgh. Mahali pake pakaitwa kwa jina lake, likaongezwa neno la Kiingereza cha kale, tun, maana yake boma. Sisi tungalisema "kwa Leving", kama tusemavyo "kwa Kazembe" tukitaja Mwansabombwe. Wenye mahali pale wakaitwa Livingston, na hata walipohama jina likawafuata. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliomhudumia Malkia Mary wa Uskoti. Philip Livingston, wa tawi lililovuka bahari, alitia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776.

Hapo ndipo desturi yao ilipoachana na yetu. Jina la Kazembe hukaa katika kiti: Mwata akifa, mrithi huketi nalo. Livingston halikungoja kiti wala kijiji. Lilipita kutoka baba hata mwana, popote alipo.

Sasa huyu Daktari David Livingstone, aliyefika kwenye ziwa letu la Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na kwa Kazembe yapata wiki mbili baadaye, hakutoka kwa mabwana hao. Babu yake alitoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi ya Uskoti, ambako watu walisema Kigaeli, na wazee wake waliitwa MacLeay. Kiingereza kilipoenea, watu wa huko wakatwaa Livingstone badala yake. Wala si tafsiri, maana MacLeay wengi hulifasiri kuwa mwana wa mganga. (Ajabu, David naye akasomea uganga!) Hata tahajia haikutulia: baba yake aliandika bila herufi e mwishoni, na David vivyo hivyo katika ujana wake, kisha ikarudishwa.

Mwisho jina lililozaliwa na mahali likazaa mahali pengine. Mji wa Livingstone, karibu na maporomoko ya Zambezi, ulianzishwa mwaka 1905, ukawa makao makuu ya nchi hadi 1935. Baada ya uhuru wa 1964 Fort Rosebery ikawa Mansa, lakini Livingstone ikabaki Livingstone.

Nimeyatafuta haya kwa sababu yangu mwenyewe. Nilipoandikishwa katika shule yangu ya kwanza, mwandishi wa daftari aliona jina la babu yangu ni refu, akalikata, hata babu mwenyewe aliposomewa hakulitambua. Jina hilo lililokatwa ndilo litakaloandikwa katika cheti changu cha mtihani, nisipolisahihisha kabla majina hayajapelekwa. Likizo iliyopita nilimwuliza babu kama nilirudishe. Alicheka sana, kisha akauliza kulirudisha ni shilingi ngapi. Nilipomwambia ni kwacha, si shilingi, alisema basi niandike barua wiki hii hii, na herufi zote ziwemo.