Usiuze kiwanja kwa muhuri wa kuchora

Mambo ya majuu yana wenyewe, wasomaji wangu. Jumamosi moja nimekaa zangu barazani, mswaki mdomoni, mara namwona mama mdogo anakuja mbio mbio kutoka Mbagala, bahasha ya kaki kwapani. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yenyewe akaitikia huku keshakaa.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayeandika magazetini? Nisomee hizi karatasi, halafu unisindikize tukauze kile kiwanja."

Kiwanja chenyewe ni cha Chamazi, alichoachiwa na marehemu mumewe. Hana kingine. Mchongo ulikuwa hivi: binti yake wa pili, aliyemaliza kidato cha sita, apelekwe London miezi tisa kusoma Kiingereza, arudi anatema ung'eng'e wa kuombea kazi kwenye mahoteli makubwa. Kuna jamaa anajiita wakala, ndiye aliyeleta habari hizo. Kaleta na brosha: jengo la vioo, Wazungu wanacheka, Mto Thames unaonekana kwa mbali, na chini kule pembeni muhuri wa duara, rangi ya dhahabu, maneno yake yanasema shule hii ina ithibati. Yaani imekaguliwa na kutambuliwa kuwa inafaa.

Mama mdogo si mjinga. Alimwuliza wakala, nani kaikagua? Akajibiwa, "Serikali ya kule imeshapitisha, mama, ondoa shaka." Akaondoa shaka, akatoa na laki tano za "fomu".

Mimi nimeishia kidato cha nne na ndege naziona zikipita juu. Lakini nina tabia moja, nikiona muhuri lazima nitafute aliyeugonga. Huu wa dhahabu haukuwa na jina la mtu wala ofisi. Nikamwambia mama mdogo, kiwanja hakiozi, nipe siku tatu. Akanuna, akanipa.

Nikaingia kwenye intaneti. Cha kwanza nilichokutana nacho kilinitoa jasho. Kumbe kule Uingereza mtu anaweza kufungua shule ya kufundisha Kiingereza bila ithibati yoyote, na asivunje sheria! Kukaguliwa ni kwa hiari ya shule yenyewe. Zamani serikali yao ndiyo iliyokuwa ikituma wakaguzi, lakini mwaka 1982 kazi hiyo ikaachiwa British Council. Leo mpango wao unaitwa Accreditation UK, na wanauendesha pamoja na English UK, chama cha shule hizo kilichoundwa mwaka 2004. Viko na vyombo vingine vinavyotambuliwa na serikali, kwa mfano BAC na ABLS. Kwa hiyo "serikali imepitisha" ni maneno ya mtaani. Ithibati ya kweli ina jina la aliyeitoa.

Sasa kama ni hiari, kwa nini shule ihangaike? Jibu ni viza. Mgeni anayekwenda kusoma Kiingereza kati ya miezi 6 na 11 ana viza yake maalumu, na hapati mpaka shule iwe imethibitishwa na chombo kinachokubalika. Uingereza ilijifunza kwa maumivu. Kulikuwa na vyuo vya mfukoni, chumba kimoja juu ya duka, vinavyouza barua za kuombea viza tu. Mpaka mwaka 2011 vyuo zaidi ya 400 vilikuwa vimepoteza haki ya kuleta wanafunzi wa kigeni. Juni 2014 vyuo binafsi 57 vikasimamishwa leseni kwa mpigo, baada ya televisheni ya BBC kufichua watu wakifanyiwa mitihani ya Kiingereza na wengine. Hebu fikiria umeuza kiwanja, umefika, halafu chuo kinafungiwa.

Basi nikasoma wakaguzi hao wa British Council wanafanya nini hasa, na hapo ndipo nilipokesha.

Shule inaanza kwa kupeleka karatasi zake: uongozi, walimu, masomo, nyumba za kulala. Halafu wakaguzi wanakuja, kwa kawaida wawili, zaidi kama shule ni kubwa, na wanakaa siku kadhaa kutegemea ukubwa huo. Si makarani hawa, ni watu waliokula chumvi kwenye kazi ya kufundisha Kiingereza. Wanakaa nyuma ya darasa na kumsikiliza kila mwalimu aliye kwenye ratiba siku hizo. Wanafungua majalada kuona vyeti, maana kuzaliwa Mwingereza peke yake hakumfanyi mtu mwalimu. Cheti cha kuanzia kinatakiwa kiwe cha mafunzo ya angalau saa 100, ndani yake saa 6 za kufundisha darasa la kweli huku anaangaliwa.

Wanakutana na walimu peke yao, kisha na wanafunzi, mkuu wa shule akiwa nje. Hapo ndipo siri zinapotoka. Wanakagua hata matangazo! Brosha ikisema darasa halizidi watu kumi na wawili, wanahesabu vichwa. Ikisema bahari iko karibu, iwe karibu kweli. Shule yenye watoto wa chini ya miaka 18 inaulizwa nani anawalinda na kama rekodi ya uhalifu ya watu hao imechunguzwa.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya malazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimnyima mama mdogo usingizi. Wanafunzi wengi huwekwa kwenye familia za wenyeji. Kuna kanuni: shule iende kuiona nyumba kabla ya kumpeleka mtu, na irudi kuiangalia kila baada ya miaka miwili. Mwenyeji asizidishe wanafunzi wanne kwa wakati mmoja. Shuka na taulo safi kila wiki. Halafu hii ndiyo iliyonifurahisha: wanafunzi wenye lugha moja wasiwekwe nyumba moja, isipokuwa wameomba wenyewe kwa maandishi. Unaona akili hiyo? Ukimweka Mbongo na Mbongo mwenziwe, miezi tisa watapika ugali na kusema Kiswahili, Kiingereza watakiacha stendi ya basi. Wakaguzi nao huenda kubisha hodi kwenye baadhi ya nyumba hizo.

Wakimaliza hawatoi hukumu. Wanaandika ripoti, kamati inaisoma na kuamua. Ripoti zinawekwa wazi kwenye tovuti ya British Council, mtu yeyote anasoma bure, hata aliyeko Mbagala. Zinasema wapi shule inafanya vizuri kupita kiasi, wapi inatosheleza tu, na wapi haijafikia. Nilisoma moja ya shule fulani nzuri tu, wameisifu walimu wake, halafu wakasema mambo mawili matatu hayajakaa sawa. Nikaiamini zaidi kwa sababu hiyo. Brosha ya wakala haikuwa na kasoro hata moja.

Lakini na mimi nina kijicho changu. Ukaguzi mkubwa huja kila baada ya miaka 4, na siku yake inajulikana. Nikakumbuka sekondari niliyosoma, siku wakaguzi walipotajwa kuwa wanakuja. Asubuhi hiyo chaki zilipatikana, choo kikapakwa chokaa, na mwalimu wa hesabu, ambaye tulidhani kahama, akaonekana kavaa tai! Jumatatu iliyofuata mambo yakarudi vilevile. Je, Wazungu hawafagii wageni wakija?

Wanafagia bwana, wala wenye mpango huo hawajifanyi hawajui. Ndiyo maana katikati ya miaka hiyo minne kuna ukaguzi wa kushtukiza, mtu anatokea bila taarifa, hasa kukiwa na malalamiko au wasiwasi. Kila mwaka pia shule inatakiwa kutamka kwa maandishi kwamba bado inafuata masharti. Ikiharibu inaweza kuwekwa kwenye uangalizi, na ikizidi kuharibu inanyang'anywa ithibati. Mwanafunzi akiona mambo hayaendi analalamika kwanza shuleni, asiposikilizwa anawafuata wenyewe wenye mpango. Na shule mwanachama wa English UK ikifa ghafla, chama kina utaratibu wa kuwatafutia wanafunzi wake pa kumalizia. Kwangu mimi, thamani ya muhuri iko hapo, kwa huyo anayebisha hodi bila kutegemewa.

Jumanne mama mdogo akaja na binti. Tukaketi watatu kwenye simu moja, nikaandika jina la shule kwenye orodha ya British Council. Haimo. Iko moja yenye jina linalokaribiana, neno moja tu tofauti, na iko mji mwingine kabisa. Tukatafuta BAC, haimo. ABLS, haimo. Binti akaanza kufuta macho kwa upande wa khanga ya mama yake.

Mama mdogo akampigia wakala, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona shule yako haimo kwenye orodha?"

"Aa, mama yangu, ile shule ni mpya. Ukaguzi bado unaendelea, cheti kinakuja mwezi ujao."

Nikadakia mimi, "Kaka, kama cheti kinakuja, huo muhuri kwenye brosha umetoka wapi?"

Kimya. Tukasikia honi za daladala upande wa pili, halafu simu ikakatika. Tukapiga tena, haipatikani.

Mpaka naandika haya laki tano haijarudi, na mama mdogo keshafungua jalada polisi. Karatasi za kiwanja zimerudi ndani ya sanduku la bati, chini ya khanga. Binti naye kanunua daftari. Anafungua ripoti za shule zilizomo kwenye orodha, moja moja, na anaandika maswali ya kuwatumia kabla ya mtu yeyote kuzungumzia hela: mwalimu wangu ana cheti gani, darasani tutakuwa wangapi, nyumba nitakayolala mliitembelea lini. Juzi kaongeza na lingine, kama kuna mwanafunzi mwingine anayejua Kiswahili, aishi mtaa wa mbali.