Mwalimu Mgeni na Mwalimu Mwenyeji: Wahesabu Pamoja

Je, mama mwenzetu, umewahi kukaribisha wageni wawili wasiosemeshana? Sisi tumewahi. Ilikuwa Jumamosi jioni hapa Ihanda, miaka kadhaa iliyopita. Walimu wawili wa shule moja ya sekondari waliketi barazani kwa mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa, kila mmoja kwenye ncha yake ya mkeka. Kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kilipita mkono kwa mkono, nao wakachukua punje zao bila kutazamana. Mmoja alikuwa binti wa Kizungu aliyekuja kujitolea kufundisha Kiingereza. Mwingine alikuwa mwalimu wetu, mama wa watoto wanne, aliyekuwa amefundisha somo hilohilo kwa miaka 14.

Tuliwaita kwa sababu ugomvi wao ulikuwa umefika kwenye madaftari ya watoto wetu. Kila mzazi anajua taabu iliyopo. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza wanakuta Jiografia na Baiolojia zote ni kwa Kiingereza. Asiyeshika lugha mapema anazama katika masomo yote. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekaribia, na darasa lilikuwa limegawanyika. Mwalimu mwenyeji akisahihisha sentensi, mtoto mmoja anajibu kutoka nyuma, “Mzungu hakusema hivyo.” Mwalimu mgeni akitoa kazi, wengine wanacheka matamshi yake. Binti zetu walikuwa katikati.

Ugomvi ulianzaje?

Ulianza kwa wema. Mwalimu mgeni aliwaandikia rafiki zake kwao, wakachanga fedha za vitabu. Fedha zikapokelewa na shule. Miezi 2 ikapita bila yeye kuambiwa neno. Kila alipouliza, alijibiwa, “Hakuna shida.” Akaandika barua nyumbani kwamba huku fedha hupotea na walimu hawajali. Ukurasa mmoja wa barua ile, kwa bahati mbaya, ukabaki katika rundo la madaftari. Mwalimu mwenyeji akausoma.

Hakumwendea mwenzake. Aliwaambia walimu wengine, nao wakawaambia wake zao, na kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba yule mgeni hakuja kufundisha, bali kupiga picha za watoto wetu ili akaziuze kwao.

Tulipowasikiliza jioni ile, kila mmoja alikuwa na orodha yake. Mwenyeji alisema mgeni alipewa nyumba nzuri yenye umeme wa jua, wakati yeye anasahihisha madaftari kwa kibatari. Kwamba hakuna aliyemwuliza ni vitabu gani vinahitajika, yeye aliyewafundisha watoto hawa. Na kwamba mgeni alipita asubuhi bila salamu za kutosha, akienda moja kwa moja kwenye kazi kana kwamba wenzake ni miti. Mgeni alisema wenzake walikosa vipindi bila kumwambia. Alihesabu siku 3 katika wiki moja. Tukamweleza kwamba wiki ile kulikuwa na misiba 2, na kwetu mtu haachi kwenda kuzika jirani yake. Akanyamaza. Alidhani ni utoro.

Akaeleza pia kwamba moyo wake uliumia alipoona viboko darasani, na mwenyeji akajibu kwa ukali kwamba hakuhitaji kufundishwa malezi na msichana asiye na mtoto. Hapo mzee mmoja wa kamati ya wazazi, tuliyemwalika, akawakumbusha kwamba jambo hilo halikuwa la mgeni wala la mwenyeji. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema anayeruhusiwa kutoa adhabu hiyo ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi 4. Na adhabu iandikwe kitabuni. Wote wawili walishangaa. Walikuwa wanagombania maoni yao, kumbe kanuni ipo.

Na fedha je? Risiti zilikuwepo. Sehemu ilinunua vitabu, vilivyokuwa vimekwama njiani, na sehemu ilitengeneza paa la chumba cha kuvihifadhia. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini hakuna aliyemwonyesha mwenzake karatasi.

Sisi nasi tulikuwamo

Ndugu msomaji, tungependa kuishia hapo na kujisifu kwamba tulipatanisha watu. Lakini tukisema kweli, habari ya picha za kuuza ilipita vinywani mwetu pia. Tuliinong’ona kisimani na kwenye foleni ya kliniki, huku tukipima watoto uzito. Hatukuwa na ushahidi wowote. Tuliisema kwa sababu ilikuwa tamu kusemwa. Jioni ile mama mwenye nyumba alianza kuomba radhi yeye mwenyewe, ndipo walimu wakaona njia. Mgeni aliomba msamaha kwa barua yake, akaahidi kuandika nyingine ya kusahihisha. Mwenyeji aliomba msamaha kwa maneno yake.

Sisi tulio wauguzi tukawaeleza desturi ya wodini. Kuna dawa zinazofungiwa kabatini kwa kufuli, kama mofini. Zamu inapobadilika, muuguzi anayetoka na anayeingia husimama pamoja, wakahesabu chupa moja moja, wote wawili wakatia sahihi. Je, ni kwa sababu wanashukiana? La. Muuguzi aliyehesabu na mwenzake analala usingizi, hata dawa ikipungua kesho. Na mkulima wa kahawa hapa Ihanda anayajua hayo. Hagombani na karani wa mizani. Anasimama karibu auone mshale mwenyewe.

Basi shule ikakubali. Fedha au vitabu vya msaada vikifika, vipokelewe na watu 3: mwalimu mgeni, mwalimu wa somo, na mzazi mmoja. Hesabu ibandikwe ukutani, kila mtu asome.

Si Ihanda peke yake

Labda unafikiri mambo haya ni ya vijijini kwetu tu. Hapana. Oktoba 1961, miezi michache baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuanzisha Peace Corps, kijana mmoja wa kike wa shirika hilo alikuwa chuoni Ibadan, Nijeria, akijiandaa kwa kazi ya ualimu. Alimwandikia rafiki yake postikadi, akieleza kwa mshangao hali duni ya maisha aliyoiona. Postikadi ikaanguka kabla ya kutumwa. Wanafunzi wakaiokota, wakaisambaza nakala, wakaandamana, na wapo waliosema vijana wale ni wapelelezi. Ilimlazimu kuondoka nchini. Sehemu kubwa ya aliyoyaandika huenda aliyaona kwa macho yake. Lakini aliyasema kwa rafiki wa mbali kabla hajayasema na wenyeji wake.

Kwetu Tanganyika shirika hilohilo lilileta watu mwaka huohuo wa 1961. Baadaye walikuja walimu wengi. Mwaka 1969 kazi yao ilikoma nchini, ikaanza tena mwaka 1979. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wote waliitwa kwao kutoka kila nchi duniani. Shule zetu zilipofunguliwa tena mwaka ule, waliobaki na watoto ni walimu wenyeji. Tukumbuke hilo tunapomsifu mgeni mbele ya mwenyeji.

Hata nchi zilizoendelea hazikupona. Korea Kusini ilipokea walimu wa Kiingereza wa shirika hilo kati ya 1966 na 1981. Mwaka 1995 ikaanza mpango wake yenyewe wa kuajiri wageni wafundishe shule za umma, bega kwa bega na walimu Wakorea. Mwenyeji ameipata kazi kwa mtihani mgumu wa ushindani. Mgeni anakuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, na nyumba anapewa. Unaona jinsi inavyofanana na habari ya umeme wa jua na kibatari?

Mwaka 2007 Mkanada mmoja aliyewahi kufundisha huko alikamatwa Thailandi kwa makosa ya kuwadhulumu watoto kingono. Wazazi wa Korea waliingiwa na hofu, na ni mama gani asingeingiwa? Serikali ikataka walimu wageni wa lugha walete hati ya kuonyesha kwamba hawakuwahi kutiwa hatiani. Hilo ni jema. Lakini iliongeza pia kwamba wapimwe Virusi vya UKIMWI, kipimo ambacho walimu Wakorea hawakudaiwa. Mwaka 2009 mwalimu mmoja mwanamke kutoka Nyuzilandi alikataa kupimwa mara ya pili, na mkataba wake haukuendelezwa. Alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati inayoshughulikia ubaguzi wa rangi iliamua kwamba alitendewa isivyo haki, na mwaka 2017 Korea ikakifuta kipimo hicho kwa walimu hao.

Kagera tunaujua uchungu huu

Sisi wa Kagera hatuwezi kuisikia habari hiyo tukabaki kimya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikija kwa biashara ya kuvuka mpaka na Uganda. Baadhi yetu tulipokwenda kusomea uuguzi nje ya mkoa, tukitaja tu tulikotoka, mwenzako alisogeza kikombe chake. Hakukuuliza habari zako. Alikuwa ameshakuhukumu kwa jina la mkoa.

Kama wauguzi tunasema wazi: virusi haviambukizwi kwa chaki, wala kipimo cha damu hakimlindi mtoto na mtu mwenye nia mbaya. Kinachomlinda ni kuuliza rekodi ya kila anayemfundisha, awe Mzungu, awe Mnyambo. Ni mlango wa ofisi kuwa wazi. Na ni mtoto kuwa na uhuru wa kumwambia mama yake lolote bila kuogopa kofi. Sheria inayomgusa mgeni peke yake humwumiza mwema, na humwacha mwovu wa nyumbani akijiona salama.

Mama afanye nini?

Kwanza, asimlinganishe mwalimu mgeni na mwenyeji mbele ya watoto. Mtoto akisema, “Mzungu anafundisha vizuri zaidi,” mwulize amejifunza nini kwa kila mmoja.

Pili, akisikia tuhuma, aulize, “Nani aliona?” Kama hakuna aliyeona, neno liishie kwake. Kama yuko aliyeona, hasa linapomhusu mtoto, asilifiche kwa kuona haya. Alipeleke siku hiyohiyo kwa mkuu wa shule, kwa ustawi wa jamii au polisi, hata kama mtuhumiwa ni mtu wa kanisani.

Tatu, amsaidie mgeni kuelewa lugha yetu ya heshima. “Hakuna shida” yetu ina maana kumi, na mojawapo ni kwamba shida ipo. Amweleze kwamba salamu ni sehemu ya kazi. Naye mgeni akizoea, aambiwe ukweli usoni kama mtoto wa nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza, mpe na ukweli.

Nne, fedha zihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja, shuleni, kwenye kikundi, na hata kanisani. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alitaka ndugu wengine waaminifu wasafiri nao, mtu yeyote asije akamlaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, sisi ni nani tusihitaji?

Walimu wale wawili hawakuwa marafiki wakubwa. Tungesema uongo tukidai hivyo. Lakini walifundisha kidato cha pili pamoja hadi mtihani, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akieleza, na watoto wakaacha kuchagua upande. Mgeni alipomaliza muda wake alirudi kwao. Mwenyeji bado yupo darasani, na chumba cha vitabu kina daftari lake la kuazima. Ukilifungua ukurasa wa kwanza utaona sahihi 3: ya mgeni, ya mwenyeji, na ya mama mmoja wa kikundi chetu, aliyejifunza kuandika jina lake ukubwani. Ndiye aliyesimama siku ile akihesabu vitabu kwa sauti, kimoja kimoja, huku walimu wawili wakimsikiliza.