Shilingi 25 kwa Lita: Nani Analipia Barabara ya Mashuuru?

Ukijaza lita kumi za petroli katika kituo chochote cha Kitengela, shilingi 250 za pesa ulizotoa si bei ya mafuta. Ni mchango wako wa kutunza barabara. Mchango huo, yaani ushuru wa matengenezo ya barabara, ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi Julai 2024, nao umo ndani ya bei ambayo mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi.

Wengi huuhesabu kama kodi ya mafuta tu. Lakini tangu sheria yake ipitishwe mwaka 1993, hoja yake imekuwa ni umbali: anayesafiri sana huchoma mafuta mengi, basi alipe zaidi. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa na vituo vya kutoza barabarani, ambako magari yalisimama foleni kulipa. Ushuru wa mafuta uliondoa foleni hizo, na ni vigumu kuukwepa kwa sababu hukusanywa kwa waagizaji wachache kabla mafuta hayajafika kwenye pampu. Kwa urahisi wa kukusanya pesa, mfumo huu ni hodari.

Ubovu wake umo kwenye kipimo, kwa maana lita si kilomita. Mashuuru, katika kaunti ya Kajiado, iko kati ya barabara kuu mbili, ya Namanga na ya Mombasa, na ili kuzifikia wakazi wengi hupita njia za changarawe, vumbi na makorongo. Gari linalokwenda kwa gia ya chini kwenye mashimo hunywa mafuta mengi kwa kila kilomita kuliko linaloteleza kwenye lami kati ya Isinya na Kitengela. Kwa hiyo anayeishi kwenye barabara mbovu hulipa ushuru mkubwa zaidi kwa kilomita ile ile. Mfugaji anayesukuma maji ya kisima kwa jenereta ya dizeli naye hulipia barabara, ingawa jenereta haijawahi kukanyaga barabara. Wakati huohuo bodaboda ya umeme hailipi hata senti ya ushuru huu, na magari ya umeme yanaongezeka. Sioni haki yoyote katika mpangilio huo.

New Zealand iliiona shida ya dizeli mapema. Huko dizeli nyingi hutumika mashambani na kwenye maboti, kwa hiyo haitozwi ushuru wa barabara kwenye pampu. Tangu mwaka 1978 mwenye gari la dizeli hununua leseni ya umbali, kwa mafungu ya kilomita 1,000, na bei hutegemea aina na uzito wa gari. Aprili 2024 magari ya umeme nayo yaliingizwa katika mpango huo.

Uzito ndio kiini cha jambo lenyewe. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwapa wahandisi kanuni wanayoitumia hadi leo: ekseli ikibeba uzito maradufu, madhara yake kwa lami huongezeka takriban mara 16. Ukienda kwa hesabu hiyo, ekseli ya lori yenye tani 10 huumiza barabara kama mara 10,000 kuliko ekseli ya gari dogo kama Probox yenye tani moja. Mafuta je? Lori hilo hunywa labda mara tano au sita ya Probox. Pengo linalobaki tunalilipa sisi wenye magari madogo, na abiria wa matatu, kila tunapojaza tangi. Mizani za Athi River humkamata anayezidisha uzito. Anayebeba uzito halali huziacha bila kulipia hasara anayoisababisha.

Uswisi ilichukua njia iliyonyooka. Tangu mwaka 2001 kila gari la mizigo la zaidi ya tani 3.5 hulipa kwa kilomita, uzito na moshi wake, kwenye barabara zote za nchi. Theluthi moja ya mapato huenda kwa majimbo. Sehemu kubwa ya kinachobaki imesaidia kujenga reli, pamoja na handaki la Gotthard la kilomita 57 lililofunguliwa mwaka 2016. Huko tozo ya umbali inashika mfumo mzima wa usafiri.

Kwetu umbali unahesabiwa pia, ila kwa vipande. Mtu wa Kitengela anayeingia Nairobi Expressway pale Mlolongo hulipa kulingana na mahali anapoiacha barabara hiyo. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa shilingi 500 hadi Westlands, kilomita 27. Pesa hiyo humrudishia mwekezaji mtaji wake, haitengenezi daraja lolote Kajiado. Nayo jumuiya ya kibiashara ya COMESA ilishaweka kiwango cha dola 10 kwa kila kilomita 100 kwa lori zito la kigeni lenye ekseli zaidi ya tatu.

Ndiyo maana naona tuanze na malori, ya kigeni na ya kwetu. Mamlaka ya mapato, KRA, tayari hufuatilia mizigo ya kupita nchini kwa vifaa vya kielektroniki, kwa hiyo kuhesabu kilomita si jambo geni. Lori likilipia uzito wake, ushuru kwenye pampu unaweza kupungua.

Hata hivyo kipimo kizuri hakitatosha ikiwa ugawaji utabaki ulivyo. Sheria ya Bodi ya Barabara iligawa asilimia 22 ya mfuko wa ushuru huu sawasawa kwa maeneobunge yote. Kajiado Mashariki, yenye mitaa ya Kitengela inayofurika watu na nyanda zote hadi Mashuuru, inahesabiwa fungu moja, kama eneobunge la Nairobi unaloweza kulivuka kwa miguu asubuhi moja. Magavana na wabunge wamegombania shilingi bilioni 10.5 za mfuko huu. Na mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 za kila lita ili kupata bilioni 175 za kuwalipa makandarasi madeni ya zamani. Kwa hiyo, kwa mpango huo wa 2025, katika zile lita kumi za Kitengela shilingi 70 zilikwenda kulipia kazi iliyokwisha kufanywa, na shilingi 180 ndizo zilizobaki kwa matengenezo ya nchi nzima.