Ctrl na C: vitufe vilevile, mifumo miwili

Wanaoiamuru kompyuta kwa maandishi huvijua vitufe viwili vya kunusuru, Ctrl na C. Vikibonyezwa pamoja, programu inayoendelea husimama. Je, husimama kwa njia gani? Jibu hutegemea mfumo wa kompyuta, na hapo ndipo ilipo taabu ya wanaounda programu za kuipatanisha mifumo.

Katika Unix na jamaa yake Linux, kiini cha mfumo huvigeuza vitufe hivyo kuwa ishara nambari 2, kisha huituma kwa kundi zima la programu zilizo mbele ya mtumiaji. Ishara hiyo ni ombi. Programu isiyojiandaa hufa papo hapo; iliyojiandaa hufunga faili zake, hufuta zile za muda, ndipo huaga. Ishara nambari 9, kinyume chake, haina mjadala.

Windows haina utaratibu huo. Dirisha lake la amri huanzisha uzi mpya wa utekelezaji ndani ya kila programu iliyounganishwa nalo, na uzi huo ndio unaoishughulikia dharura huku kazi nyingine zikiendelea sambamba. Mwandishi aliyezoea Unix hatarajii hali hiyo.

Mkalimani baina ya pande hizo mbili ni Cygwin, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika kampuni ya Marekani ya Cygnus Solutions ili programu za Unix ziweze kutumika ndani ya Windows. Zenyewe kwa zenyewe, programu za Cygwin huelewana. Mambo yaliharibika pale programu halisi ya Windows ilipoanzishwa kutoka dirisha la mtindo wa Unix. Dirisha hilo lilipitisha maandishi tu, hivyo programu haikuwa na wa kuiarifu kuhusu vitufe. Lililobaki ni kuiua ghafla. Aliyekuwa akinakili hifadhidata aliweza kubaki na faili nusu, pamoja na kufuli ambalo kesho yake lingeizuia programu kufunguka, ikidhani mwenzake bado yumo kazini.

Mwaka 2018, Microsoft iliongeza katika Windows 10 dirisha bandia la amri. Cygwin toleo la 3.1, lililotoka mwishoni mwa 2019, likaanza kulitumia.

Hata hivyo, sababu ya kifo nayo hutaka tafsiri. Windows huiandika C000013A. Katika Unix huripotiwa kwa kawaida kama 130, yaani 128 na 2. Tafsiri hiyo ikikosekana, orodha ya amri zinazofuatana yaweza kuendelea na amri inayofuata, ilhali mtumiaji alikusudia kuzisimamisha zote.