Mbwa mkali: tuulize ukoo wake, au tuulize anayemfuga?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu,

Kila mara tunakukumbusha kuvaa kofia yako, kuangalia kamba kabla ya kuinua mzigo, na kutopita chini ya kitu kinachoning'inia. Leo tunakufuata mpaka ndani ya lupango lako. Pale kuna zamu mmoja asiyepokea mshahara, asiyejua kusoma matangazo yetu, na mwenye meno 42 kinywani. Zamu huyo ni mbwa wako.

Habari ikifika kwamba mbwa ameua mtoto mahali fulani, watu huuliza kwanza: « Alikuwa mbwa wa aina gani? » Wakiambiwa ni pitbull au rottweiler, wanatikisa kichwa. Halafu wanamtazama mbwa wao na kusema: « Huyu wetu ni mbwa wa kawaida, hana neno. » Angalia sana, ndugu. Hatari inaingia nyumbani kwa mlango huo.

UKOO UNAFANYA NINI?

Hatusemi kwamba ukoo si kitu. Mbwa mzito mwenye taya pana akiuma, jeraha lake si sawa na la mbwa mdogo. Wazee wa pitbull walitoka Uingereza katika karne ya 19. Watu walichanganya mbwa wa kupigana na ng'ombe dume na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda. Sheria ya mwaka 1835 ilipokataza mchezo ule wa kutesa ng'ombe, wengine waliendelea kupiganisha mbwa kwa siri. Mbwa aliyechaguliwa hivyo kizazi hata kizazi amerithi nguvu na ushupavu.

Hata sisi wa Kongo tuna ukoo wetu unaojulikana duniani: basenji, mbwa wa wawindaji wa msituni. Yeye habweki kama wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele shingoni. Ukoo, basi, unampa mbwa mwili wake na baadhi ya mazoea yake. Lakini je, unatuambia ni mbwa gani ataua?

Huko Marekani wataalamu walihesabu vifo vya miaka 1979 mpaka 1998. Katika vifo 238 ambavyo aina ya mbwa iliandikwa, pitbull na rottweiler walikuwa zaidi ya nusu. Lakini orodha ile ilikuwa na aina zisizopungua 25. Tena hakuna aliyejua hesabu ya mbwa wote wa kila aina. Aina inayofugwa na watu wengi itaonekana mara nyingi katika orodha, hata kama haipiti nyingine kwa ukali.

Mwaka 2022 wataalamu wengine walitoa matokeo ya uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18.000. Waliona kwamba ukoo unaeleza kama sehemu 9 tu katika 100 za tofauti ya tabia kati ya mbwa na mbwa. Uingereza ilikataza aina 4 mwaka 1991, na pitbull ni mmojawapo. Vifo havikuisha, na mwisho wa mwaka 2023 ilibidi kuongeza aina ya tano.

AJALI HAINA SABABU MOJA

Wewe mchimbaji unajua jambo hili kuliko wengi. Mwamba ukimwangukia mtu, wachunguzi hawaandiki tu « jiwe lilikuwa zito ». Wanauliza: nani alikagua paa? Nguzo zilikuwa wapi? Kwa nini mtu yule alikuwa peke yake?

Wachunguzi wa Marekani walifanya vilevile kwa vifo 256 vya miaka 2000 mpaka 2009, wakatoa matokeo mwaka 2013. Waliyoyakuta, katika kila vifo 100, ni haya:

– mara 87, hapakuwa na mtu mwenye nguvu karibu wa kuokoa;
– mara 85, aliyekufa hakuwa amezoeana na mbwa yule;
– mara 84, mbwa hakuwa amehasiwa;
– mara 77, aliyekufa alikuwa mtoto mdogo, mzee au mtu dhaifu, asiyeweza kujua namna ya kukaa na mbwa;
– mara 76, mbwa alifugwa mbali na watu, bila kuzoeshwa upendo wa nyumbani.

Mara nyingi sababu 4 au zaidi zilikutana siku moja. Na ukoo? Uliweza kujulikana kwa hakika katika vifo visivyofika 18 kwa 100.

Sasa tazama lupango lako. Mbwa amefungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka jioni, juani, bila maji. Anatupiwa mabaki ya bukari kwa mbali. Watoto wanapita wakimrushia mawe. Baba anafurahi: « Mfunge, atakuwa mkali, wezi watamwogopa. » Ndiyo, atakuwa mkali. Lakini mnyororo ukikatika usiku, hatauliza nani mwizi na nani mtoto wa jirani.

FANYA HIVI NYUMBANI

1. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa, hata mbwa aliyezaliwa nyumbani mwako, hata kwa dakika moja ya kwenda kuchota maji.

2. Fundisha watoto wasimguse mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto wake.

3. Kama lupango lina ukuta au uzio mzima, mbwa hana haja ya mnyororo wa siku nzima. Mpe maji, kivuli na chakula. Mzoeshe watu wa nyumba.

4. Mbwa akikujia kwa ukali, usikimbie wala usipige kelele. Simama, usimtazame machoni, rudi nyuma polepole. Weka mfuko au koti kati yako naye. Ukianguka, jikunje, ficha uso, na kinga shingo na masikio kwa mikono. Wafundishe hivyo watoto wanaokwenda masomo kwa miguu.

5. Mbwa aliyekwisha kuuma mtu mara moja amekwisha kukupa onyo. Usingoje la pili.

MENO YANAYOUA POLEPOLE

Tumesema juu ya mbwa anayeua kwa nguvu zake. Lakini katika Afrika, mbwa anayeua watu wengi zaidi ni yule mwenye kichaa cha mbwa, ugonjwa uitwao rage kwa Kifaransa. Ugonjwa huu unaua watu kama 59.000 duniani kila mwaka, na karibu wote wanaupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15.

Ugonjwa huu hauulizi ukoo. Mbwa mdogo wa njiani, mwembamba, asiyeogopwa na mtu, anaweza kuuleta kwa mkwaruzo mmoja tu. Mara nyingi unakaa kimya mwilini miezi 2 au 3. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili unaweza kuzuiwa, na hii ni habari njema: tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomkinga mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, dawa ipo.

Kwa hiyo mtoto akiumwa, hata kidogo: osha jeraha saa ileile kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Usitie pilipili, majivu wala udongo. Mpeleke hospitali siku ileile, na mwambie munganga ni mbwa gani na yuko wapi. Akianza sindano, amalize zote alizoandikiwa. Na mbwa wako apate chanjo yake: wakichanjwa mbwa 70 katika 100, ugonjwa unakosa njia.

Ndugu msomaji, ukoo wa mbwa wako huwezi kuubadili. Lakini mnyororo, chakula, chanjo, na mtoto kuachwa peke yake, hayo yote yako mikononi mwako.

MBWA ANALINDA NYUMBA. WEWE LINDA WATOTO.