Uwezo wa Kununua Nyumba: Anza na Mwezi Mgumu

Kabla hujauliza bei ya nyumba, jiulize hubakiwa na kiasi gani katika mwezi mgumu. Mkulima wa Manchira asipige hesabu kwa fedha za msimu wa mavuno. Marejesho hudaiwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 10,000,000 kwa miaka 15, riba ya asilimia 15 kwa mwaka ikitozwa juu ya salio. Rejesho la mwezi ni takribani shilingi 140,000, na hadi kumaliza utakuwa umelipa zaidi ya shilingi 25,000,000. Ikiwa baada ya chakula, ada na matibabu hubakiwa na shilingi 100,000, kikomo chako ni takribani shilingi 7,100,000, nacho hakikuachii chochote cha dharura.

Kwa mtumishi wa umma, makato yakibakiza theluthi moja ya mshahara, kanuni imeridhika. Familia huenda isiridhike.

Mkopo wa rehani usipolipwa, benki yaweza kuiuza nyumba. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hutaka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla makazi ya familia hayajawekwa rehani. Hesabu hizi zifanyeni pamoja, kabla ya kutia saini.