Mwanga unaopima pumzi: kwa nini kipima oksijeni hukosea kwenye ngozi nyeusi

Mtoto anayehema kwa shida anapofikishwa hospitalini, muuguzi humbana kidole kwa kifaa kidogo mfano wa kibanio cha nguo. Sekunde chache baadaye namba hutokea kwenye kioo chake: 98, 93, au 87. Namba hiyo huchangia uamuzi mzito: mtoto awekewe oksijeni, alazwe, au arudishwe nyumbani na dawa.

Kifaa hicho, kipima oksijeni, hakitoi hata tone moja la damu. Hutumia mwanga peke yake. Ni miongoni mwa matunda ya fotoniki, yaani sayansi ya mwanga na matumizi yake, yaliyowafikia watu wengi zaidi duniani. Hata hivyo, utafiti wa miaka ya karibuni umethibitisha jambo lililokuwa likishukiwa kwa muda mrefu: mwanga huo hausomi kila ngozi kwa usawa. Kwenye ngozi nyeusi, namba mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi ya mgonjwa.

Kwa wasikilizaji wetu wa Mbarara, na wa Nakivale katika wilaya ya Isingiro, makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 na ambayo leo ni nyumbani kwa Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, suala hili si la maabara za ng'ambo tu. Nimonia na malaria ni maradhi wanayoyajua kwa majina ya watoto wao.

Mwanga huusomaje mwili?

Ukiweka tochi nyuma ya kidole gizani, kidole hung'aa kwa wekundu. Sababu ni kwamba mwanga mwekundu hupenya nyama na damu kuliko rangi nyingine tunazoziona. Kipima oksijeni kimejengwa juu ya ukweli huo.

Ndani yake mna taa mbili ndogo. Moja hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 660. Nyingine hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa takriban nanomita 940. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Upande wa pili wa kidole kuna kipokezi kinachopima ni kiasi gani cha kila mwanga kimefika.

Siri iko katika hemoglobini, kemikali inayoipa damu rangi yake na kubeba oksijeni. Hemoglobini iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite na kufyonza zaidi ule wa infraredi. Ile iliyokwisha kuitua oksijeni hufanya kinyume. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, kifaa hukadiria ni asilimia ngapi ya hemoglobini imebeba oksijeni.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Mwanga hauzuiwi na damu peke yake. Mfupa, nyama, kucha na ngozi navyo huufyonza. Aliyekitatua ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akipima nguvu ya moyo kwa kutumia rangi iliyotiwa katika damu, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Akatambua kwamba kilichomsumbua ndicho alichopaswa kukisikiliza. Kila moyo unapopiga, damu mpya huingia kidoleni na kuufyonza mwanga kidogo zaidi. Mfupa na ngozi havipigi, vimetulia. Kwa hiyo kifaa kikifuata kile kinachopigapiga tu, kitakuwa kinaisoma damu ya ateri, ile itokayo moyoni.

Aoyagi aliwasilisha kazi yake mwaka 1974. Alifariki dunia Aprili 2020, wakati vifaa vilivyotokana na wazo lake vikitumika katika nchi nyingi kuwahudumia wagonjwa wa Uviko-19.

Watoto waliorudi nyumbani

Umuhimu wa namba hiyo umeonekana wazi katika utafiti uliofanyika Mbarara kwenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2013, watafiti waliwafuatilia watoto 1,307 wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano, waliolazwa kwa maradhi ya kuambukiza katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbarara na katika hospitali ya watoto ya Holy Innocents. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la BMJ Open.

Watoto 65 walifariki wakiwa wodini. Wengine 61 walifariki ndani ya miezi sita baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na takriban theluthi mbili ya hao walikata roho wakiwa nje ya hospitali. Kwa maneno mengine, vifo vya baada ya kuruhusiwa vilikaribia kulingana na vya wodini.

Watafiti walitafuta dalili ambazo, zikipimwa siku ya kulazwa, zingemtambulisha mtoto aliye hatarini. Tano zilijitokeza: mzunguko wa mkono wa juu unaoonyesha hali ya lishe, muda tangu mtoto alipolazwa mara ya mwisho, kiwango cha fahamu, hali ya virusi vya Ukimwi, na kiwango cha oksijeni katika damu kama kilivyosomwa na mwanga kidoleni.

Utafiti huo haukuhusu rangi ya ngozi. Lakini ulionyesha uzito wa kipimo hicho, na kwa sababu hiyo usahihi wake ni suala la uhai.

Kosa limejificha wapi?

Kwa nadharia ya Aoyagi, rangi ya ngozi isingepaswa kuleta tofauti. Melanini, kemikali inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, haipigi kama mapigo ya moyo. Ingejifuta yenyewe katika hesabu. Katika utendaji, haijifuti yote.

Sababu ya kwanza ni taa zenyewe. Taa ndogo za LED hazitoi rangi moja kamili, bali mkusanyiko wa rangi zinazokaribiana. Melanini hufyonza zaidi mawimbi mafupi kuliko marefu. Mwanga mwekundu unapopita kwenye ngozi nyeusi, sehemu yake fupi huzuiwa zaidi, na mwanga unaofika kwenye damu huwa si ule ule uliotoka kwenye taa. Kifaa hakina habari. Kinaendelea kukokotoa kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Sababu ya pili ni udhaifu wa ishara. Melanini nyingi huacha mwanga mchache ufike kwenye kipokezi, hasa kama vidole ni vya baridi na damu haizunguki vizuri, hali ya kawaida kwa mgonjwa mahututi.

Sababu ya tatu haitokani na mwanga bali na watu. Kila kifaa hupewa jedwali linaloonyesha uwiano fulani wa mianga una maana ya asilimia ngapi. Jedwali hilo hutengenezwa kwa kuwapumulisha watu wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu, kisha kulinganisha namba ya kifaa na damu iliyochotwa kwenye ateri. Kwa miaka mingi waliojitolea kwa vipimo hivyo walikuwa wengi wao weupe. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013 uliridhika na watu 10, na miongoni mwao wawili tu wenye ngozi nyeusi.

Dalili za kasoro zilichapishwa mapema, mwaka 1990, na tena mwaka 2005 na watafiti wa San Francisco walioonyesha kwamba kosa hukua kadiri oksijeni inavyopungua. Dunia haikushtuka hadi Desemba 2020, pale madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walipochapisha uchambuzi wao katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichunguza wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha kuwa na asilimia 92 hadi 96, kiwango kisichotia hofu kubwa. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa kwa hakika chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe, ilikuwa asilimia 3.6.

Kwa wagonjwa wengi kosa ni la pointi chache tu. Lakini pointi chache karibu na mpaka wa uamuzi ndizo hutenganisha kitanda cha wodi na safari ya kurudi nyumbani.

Watafiti wanatafuta nini sasa?

Njia moja ni kubadili chanzo cha mwanga. Leza, tofauti na taa ya LED, hutoa mwanga wa rangi moja iliyobanwa sana, hivyo ngozi haipati nafasi kubwa ya kuibadili. Leza ndogo mno, za aina inayotumika katika simu zinazotambua uso wa mwenyewe, zimefanya wazo hilo kuwa la bei inayofikirika.

Njia nyingine ni kubadili umbo la mwanga. Katika Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, Profesa Kimani Toussaint na mtafiti Rutendo Jakachira, mwenyeji wa Zimbabwe, wamekuwa wakijaribu mwanga ambao mtikisiko wa mawimbi yake umepangwa kutoka katikati kuelekea pembeni, mithili ya miale ya gurudumu la baiskeli, ili kuona kama utapita vizuri zaidi kwenye ngozi yenye melanini nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, mhandisi Valencia Koomson amebuni kifaa kinachopima kwanza rangi ya ngozi, kisha kurekebisha mwanga wake kulingana nayo.

Wapo pia wanaotumia mipigo mifupi mno ya leza inayoifanya damu itoe sauti hafifu, kisha sauti hiyo husomwa kama katika kipimo cha ultrasaundi. Hata huko watafiti wamekuta melanini ikivuruga picha. Funzo lake ni kwamba teknolojia mpya haiwi ya haki kwa kuwa mpya tu; sharti ipimwe kwa watu itakaowahudumia.

Hapo ndipo kanuni zinapoingia. Januari 2025, FDA ilitoa rasimu ya mwongozo inayopendekeza kila kifaa cha hospitali kipimwe kwa watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi. Mapendekezo hayo hayazilazimishi nchi za Afrika, wala hayaviondoi vifaa vilivyokwisha kununuliwa.

Kabla vifaa vipya havijafika

Hakuna mtaalamu anayeshauri kifaa hiki kitupwe. Namba ya chini ni onyo la kuaminika kiasi cha kutosha kuchukua hatua, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto aliye chini ya asilimia 90 apewe oksijeni. Tatizo ni namba nzuri inapomfunika mgonjwa mbaya.

Kwenye kioo huonekana namba mbili. Ile yenye alama ya asilimia ni oksijeni. Nyingine ni mapigo ya moyo kwa dakika. Mapigo 130 kwa mtoto mchanga hayana uhusiano na kiwango cha oksijeni. Mzazi anaweza kuuliza ni ipi, na namba haihitaji mkalimani hata pale mazungumzo ya wodini yanapokuwa kwa Kinyankole au Kiingereza.

Rangi ya kucha na hina nyeusi huweza kuuzuia mwanga. Vidole vya baridi na mtoto anayetikisika huvuruga kipimo. Ni haki kuomba kipimo kirudiwe kwenye kidole kingine, baada ya mkono kupashwa joto.

Moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huleta udanganyifu wa aina yake. Gesi ya kaboni monoksaidi hujishikiza kwenye hemoglobini, na kifaa cha kawaida huisoma kana kwamba ni oksijeni. Aliyelala na jiko la mkaa linalowaka anaweza kuonyesha 98 ilhali yumo hatarini. Mwelezeni mhudumu mapema.

Upungufu wa damu nao haumo katika namba hii. Mtoto ambaye malaria imemla damu anaweza kuwa na hemoglobini chache mno, zote zikiwa zimejaa oksijeni, na kifaa kikasoma vizuri. Weupe wa kiganja na wa ndani ya midomo husema zaidi, na kipimo cha damu huthibitisha.

Juu ya yote, mtazame mtoto mwenyewe. Kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, pua zinazotanuka, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege, usingizi usio wa kawaida, na ulimi au ndani ya midomo kugeuka rangi ya samawati au kijivu, ni dalili za hatari bila kujali kioo kinasema nini. Na kwa kuwa Mbarara imeonyesha kwamba hatari haiishi mlangoni mwa hospitali, dalili hizo zikirudi baada ya mtoto kuruhusiwa, rudini naye hospitalini siku hiyo hiyo.